Maradhi ni Mamoja, Mzigo si Mmoja

Hapa kwetu pwani kuna maradhi ambayo jina lake la kwanza halitoki kwa daktari. Mtu huamka asubuhi akaona mguu mmoja una ganzi. Baada ya siku chache ganzi yapotea, na watu wa nyumbani wasahau. Miezi ikipita, jicho moja laingia ukungu na kumuuma kila aligeuzapo. Nalo lapoa lenyewe. Mwaka wa pili aanza kupepesuka njiani kama mlevi, ilhali kileo hajapata kukionja maishani mwake. Hapo ndipo majina yaanzapo kutajwa. Mmoja asema ni upepo mbaya, wa pili asema ni zongo, wa tatu amkumbuka jirani aliyekosana naye kwenye arusi. Apelekwa kusomewa, apewa kombe, afukizwa ubani. Na kwa kuwa maradhi haya yana tabia ya kuja na kuondoka, kila mgonjwa apatapo nafuu, mganga ndiye apataye sifa.

Sisemi hayo ili kuwacheka wazee wetu. Nayasema ili nimwonyeshe msomaji kwamba hata Marekani, penye mashine na maprofesa, madaktari nao walikuwa na itikadi yao juu ya maradhi hayo hayo. Itikadi yao ilikuwa kwamba haya ni maradhi ya Wazungu. Mtu mweusi alipokwenda na dalili hizo, mara nyingi alitafutiwa jina jingine. Na kama ilivyo kwetu, itikadi hiyo ilimpotezea mgonjwa miaka. Na katika maradhi haya, miaka iliyopotea hulipwa kwa fedha, na fedha zikiisha hulipwa kwa viungo vya mwili.

MARADHI YENYEWE

Maradhi haya huitwa maltipo sklerosisi, na kwa ufupi MS. Maana ya jina hilo ni makovu mengi. Mfaransa Jean-Martin Charcot, daktari wa hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, ndiye aliyeyaeleza kwa utaratibu mwaka 1868, baada ya kuyaona makovu hayo katika ubongo na uti wa mgongo wa wagonjwa waliofariki.

Mishipa yetu ya fahamu imevishwa utando uitwao mayelini, kama waya wa umeme uvishwavyo mpira. Katika MS, wale askari wa mwili wanaotulinda na vijidudu huukosea utando huo, wakauona ni adui, wakaushambulia. Waya ukichubuka, amri itokayo ubongoni hufika mguuni imechelewa, au haifiki kabisa. Ndiyo maana mgonjwa huyu leo haoni vizuri, kesho mkono hauna nguvu, na keshokutwa hawezi kuzuia mkojo. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume, na aghalabu huanza baina ya miaka 20 na 40, yaani wakati ambao mtu yuko kazini na ana watoto wadogo.

Sababu yake haijajulikana yote. Mwaka 2022 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard walitangaza uchunguzi walioufanya kwa kumbukumbu za askari wa Marekani zaidi ya milioni 10. Waliona kuwa askari aliyeambukizwa virusi viitwavyo Epstein-Barr aliongezewa hatari ya kupata MS mara 32. Lakini virusi hivyo karibu kila mtu mzima duniani anavyo, na wanaougua MS ni wachache. Kwa hivyo lazima pana mambo mengine yanayosaidiana navyo, kama vile urithi wa damu na upungufu wa vitamini itokanayo na jua.

Wagonjwa wengi huanza na hali ya kuja na kuondoka. Miaka ikipita, kuondoka kwapungua na kubaki kwazidi, mpaka maradhi yawe ni ya kusonga mbele tu. Daktari John Kurtzke, Mmarekani, aliitengeneza mwaka 1983 ile mizani itumiwayo mpaka leo, iendayo kutoka sifuri hadi 10. Anayefika 6 hawezi kutembea pasipo bakora. Anayefika 7 yu katika kiti cha magurudumu. Anayefika 8 na 9 maisha yake ni kitini na kitandani, na kila haja yake yataka mkono wa mtu mwingine. Makala haya yahusu hasa hao wa 7 kwenda mbele, kwani hapo ndipo gharama igeukapo sura.

ITIKADI YA MADAKTARI

Ile imani kwamba MS ni ya Wazungu haikutoka hewani. Mwaka 1979 Kurtzke na wenzake walitoa hesabu ya wanajeshi wa zamani wa Marekani, wengi wao wa vita vikuu vya pili. Katika hesabu hiyo wanaume weusi walionekana kuwa na hatari kama nusu ya ile ya wanaume weupe. Vitabu vya kufundishia vikayashika maneno hayo, na madaktari wakayabeba vichwani mwao.

Lakini hesabu za baadaye zilikuja na habari nyingine. Mwaka 2012 ilitolewa hesabu ya askari wa zama za vita vya Ghuba, na safari hii Weusi ndio waliokuwa juu: wagonjwa wapya 12.1 katika kila watu 100,000 kwa mwaka, na Wazungu 9.3. Mwaka uliofuata, 2013, ikatoka hesabu ya kusini mwa California, kwa wanachama wa bima moja kubwa yenye hospitali zake. Weusi walikuwa 10.2 katika kila 100,000, Wazungu 6.9, watu wa asili ya Kilatini 2.9, na watu wa asili ya Asia 1.4. Waliozidi wote walikuwa wanawake weusi.

Je, ni maradhi yaliyobadilika, au ni macho ya watazamaji? Huenda ni yote mawili. Lakini yafaa tuzingatie jambo moja. Askari na wanachama wa bima ile walikuwa watu ambao mlango wa daktari umewafungukia sawasawa, mweusi na mweupe. Mlango ulipokuwa sawa, wagonjwa weusi walionekana. Palipo na mlango mwembamba, mgonjwa hahesabiwi. Na asiyehesabiwa husemwa kuwa hayuko.

Jambo la pili ni zito zaidi. Mwaka 2004 madaktari wa California waliwalinganisha wagonjwa weusi na weupe, wakatazama tangu dalili ya kwanza mpaka siku ya kushika bakora. Kwa Wazungu muda wa katikati ulikuwa miaka 22. Kwa Weusi ulikuwa 16. Miaka sita ya kutembea imepotea! Sehemu ya tofauti hiyo yaweza kuwa ni ya maradhi yenyewe, kwani kwa Weusi hushambulia zaidi uti wa mgongo. Sehemu nyingine yatokana na kuchelewa kutambuliwa, kuchelewa kupewa dawa, na kukaa mbali na mabingwa wa mishipa ya fahamu. Msomaji akitaka kujua gharama ya kwanza ya MS, basi ni hiyo, kuchelewa.

MAMA ALIYESIMAMA MBELE YA TAIFA

Wenye umri wa kutosha huenda wakalikumbuka jina la Barbara Jordan. Alizaliwa Houston, Texas, mwaka 1936, binti wa mhubiri aliyefanya pia kazi ya ghalani. Mwaka 1966 alichaguliwa kuingia katika Seneti ya Texas, mwanamke mweusi wa kwanza kufika hapo, na mwaka 1972 akachaguliwa kwenda katika Bunge la Marekani. Julai 1974, wakati wa mashtaka ya Rais Nixon, ndiye aliyesema katika kamati ya sheria kwa sauti nzito na maneno yaliyopimwa, na nchi nzima ikamsikiliza. Mwaka 1976 alihutubia mkutano mkuu wa chama cha Democratic.

Wengi waliomwona usiku ule wa Julai hawakujua kwamba tangu mwaka 1973 alikwisha ambiwa kuwa ana MS. Aliificha kwa miaka mingi. Alipotoka bungeni mwaka 1979 hakuitaja kuwa ndiyo sababu. Alikwenda kusomesha katika Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin. Akashika bakora, kisha kiti cha magurudumu. Mwaka 1988, alipokuwa akifanya mazoezi ya viungo katika bwawa la kuogelea la nyumbani kwake, alizirai na kukaribia kufa maji. Aliokolewa na rafiki yake waliyeishi pamoja, aliyemkuta akielea. Mwaka 1992 alihutubia tena mkutano wa chama chake, na mara hii alisema akiwa katika kiti. Alifariki Januari 1996, umri wake miaka 59.

Kisa hiki kina mafunzo mawili. La kwanza ni kuwa MS haikutazama rangi yake wala akili yake. La pili ni kwamba alikuwa na mshahara wa profesa, jina kubwa, na mtu wa kuishi naye. Siku ile bwawani, kilichomwokoa hakikuwa dawa. Ni mtu aliyekuwa karibu. Sasa tujiulize: yule mwanamke mweusi wa Houston asiye na jina, aliyekuwa akifagia ofisi mpaka mguu ukamkataa, yeye ni nani aliyekuwa karibu naye, na huyo aliyekuwa karibu naye alilipwa na nani?

HESABU YA FEDHA

Dawa ya kwanza ya kuipunguza kasi MS ilikubaliwa Marekani mwaka 1993. Wakati ule dawa za kwanza ziliuzwa kwa dola baina ya 8,000 na 11,000 kwa mwaka. Ilidhaniwa kwamba zikija dawa nyingine, ushindani utashusha bei. Yakawa kinyume! Ilipofika mwaka 2013 dawa zile zile za zamani zilikuwa zimepanda hadi kiasi cha dola 60,000 kwa mwaka. Katika mwaka 2019, gharama ya MS kwa Marekani nzima ilihesabiwa kuwa dola bilioni 85.4, nayo ni nchi yenye wagonjwa karibu milioni moja.

Lakini mgonjwa akisha kufika kitini na kitandani, dawa zile humfaa kidogo, na mzigo hugeuka. Sasa gharama ni ya kitanda cha kupanda na kushuka, mashine ya kumwinua, mpira wa mkojo, vidonge vya kulegeza misuli iliyokakamaa, matibabu ya vidonda vya kulala, na zaidi ya vyote mikono ya watu. Uchunguzi uliofanywa katika nchi 16 za Ulaya na kutolewa mwaka 2017 ulionyesha ngazi hiyo wazi: mgonjwa wa hali nyepesi aligharimu wastani wa yuro 22,800 kwa mwaka, wa hali ya kati 37,100, na wa hali nzito 57,500. Na sehemu kubwa ya mzigo huu wa mwisho hubebwa na familia, wala si serikali wala bima.

Marekani mambo yana ugumu wake. Wengi wana bima kupitia kazini. Ugonjwa ukiondoa kazi, bima nayo huondoka. Aliye chini ya miaka 65 akikubaliwa kuwa ni mlemavu, hungoja miezi mitano kabla ya kupokea posho, kisha miezi 24 kabla ya kuingia katika Medicare, bima ya serikali. Jumla ni miezi 29. Na hata akiingia, Medicare hailipii mtu wa kumwogesha, kumlisha na kumgeuza kitandani siku zote. Anayelipia hayo ni Medicaid, mpango wa maskini. Lakini ili uingie humo lazima kwanza uwe maskini: katika majimbo mengi mtu asiye na mume au mke hatakiwi kuwa na akiba inayozidi dola 2,000. Yaani mtu hutakiwa afilisike kwanza, kisha ndipo asaidiwe.

Hapa ndipo rangi iingiapo katika hesabu bila kutajwa. Mwaka 2022 benki kuu ya Marekani ilipima mali za watu wa nchi hiyo. Jamaa ya Kizungu ya katikati ilikuwa na mali ya dola 285,000, nyumba ikiwemo na madeni yakitolewa. Jamaa ya Weusi ya katikati ilikuwa na 44,900. Chumba katika nyumba ya kuuguzia chagharimu zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka katika sehemu nyingi. Piga hesabu, ndugu msomaji. Mali yote ya jamaa ya kwanza yaweza kumtunza mgonjwa karibu miaka mitatu. Mali yote ya jamaa ya pili haifiki miezi sita.

Ukisema auguzwe nyumbani, mwuguzaji wa kukodi hutoza dola 30 hivi kwa saa, au zaidi. Saa nane tu kwa siku, kwa mwaka mzima, zapita dola 87,000, na mgonjwa bado ana saa 16 nyingine za kuuguzwa. Mchekeshaji mashuhuri Richard Pryor, naye mtu mweusi, aliambiwa ana MS mwaka 1986. Alikuwa na mali, akauguzwa nyumbani kwa miaka mingi mpaka alipofariki Desemba 2005. Asiyekuwa nayo humngojea bintiye atoke kazini.

Haishangazi basi kwamba wataalamu walipowatazama wagonjwa wa MS wanaoingizwa katika nyumba za kuuguzia za Marekani, waliona kuwa Weusi waliingia wakiwa na umri mdogo kuliko Wazungu, na hali zao zikiwa mbaya zaidi. Maradhi ni mamoja. Mmoja ameingia baada ya miaka mingi nyumbani, na mwingine ameingia kwa sababu nyumbani hapana kitu tena.

DAWA ILIJARIBIWA KWA NANI?

Mwaka 2017 ilikubaliwa dawa iitwayo okrelizumabu, ya kwanza kukubaliwa Marekani kwa wale ambao MS yao husonga mbele tangu mwanzo. Ilianza kwa bei ya dola 65,000 kwa mwaka. Ni dawa nzuri. Ila katika majaribio yake makubwa Weusi walikuwa wachache mno, hata daktari hakuweza kumwambia mgonjwa mweusi kwa yakini itamfaa kiasi gani.

Weusi wa Marekani wana sababu ya kuogopa majaribio ya madaktari. Kutoka mwaka 1932 mpaka 1972, huko Tuskegee katika jimbo la Alabama, idara ya afya ya serikali iliwaangalia wanaume weusi wapatao 400 wenye kaswende bila ya kuwatibu, hata baada ya penisilini kupatikana, ili ione maradhi yatawafanya nini. Jambo kama hilo halisahauliwi katika kizazi kimoja. Wazee huwahadithia wajukuu.

Hata hivyo, mwaka 2020 ulianzishwa uchunguzi uitwao CHIMES, wa kuijaribu okrelizumabu kwa Weusi na watu wa asili ya Kilatini peke yao. Waliingia wagonjwa 182. Na hapa ndipo habari hii inapotugusa sisi: uchunguzi huo ulifanywa Marekani, Puerto Rico, na Kenya. Habari za mwaka wa kwanza zilionyesha kuwa dawa iliwafaa watu hao kama ilivyowafaa wengine. Kwa hivyo asitokee mtu wa kutuambia kwamba MS haiko Kenya. Iko, na Wakenya wametoa damu yao ili ijulikane.

NA SISI HUKU?

Ni kweli kwamba MS ni haba karibu na Ikweta kuliko katika nchi za baridi. Lakini haba si hapana. Na mgonjwa wa pwani ana tabu moja ambayo wa Ulaya hana. Joto huzizidisha dalili za MS kwa muda: kwa siku za kaskazi, mtu aliyeweza kujikokota mpaka chooni asubuhi huenda asiweze saa ya adhuhuri. Watu humdhania kuwa anajidekeza, au jini limempanda. Sivyo. Waya uliochubuka huzidi kushindwa ukipata moto. Apepewe, apewe maji ya baridi, alazwe penye upepo.

Upande wa fedha, NHIF iliondoka Oktoba 2024 na mahali pake pakaja SHA. Yafaa kila nyumba yenye mgonjwa ijiandikishe na iulize kwa makini ni nini kinacholipiwa. Julai 2023 Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa tatu za MS katika orodha yake ya dawa za lazima: kladribini, glatirama, na rituksimabu. Hii ya tatu ni ya zamani, ilianza kutumiwa mwaka 1997 kwa saratani, na bei yake ni nafuu kuliko zile mpya. Aliye na mgonjwa na amwulize daktari juu yake. Lakini dawa hizi husaidia zaidi mwanzoni. Kwa hivyo ganzi ya mguu, jicho la ukungu na kupepesuka visingojee mwaka wa tatu. Anayetaka kusomewa na asomewe, kwani kisomo ni kheri. Ila asomewe akiwa njiani kwenda hospitali.

Kisha tuje kwenye ile gharama isiyoandikwa katika risiti yoyote. Sisi twajisifu kuwa hatuwapeleki wazee wetu katika nyumba za kuuguzia. Ni sifa njema. Lakini tuangalie ni nani anayeilipa. Aghalabu ni binti mmoja. Kaka zake hutuma pesa, huyu kutoka Muscat, yule kutoka Nairobi, na kila mmoja huona amekwisha timiza wajibu. Binti ndiye anayeamka usiku mara tatu kumgeuza mama ubavu wa pili ili asipate vidonda. Ndiye anayefua matandiko, anayebeba, anayenyamaza. Kazi aliiacha, posa mbili zilirudi. Marekani kazi hiyo ina bei, dola 30 kwa saa. Kwetu haina bei, na kisicho na bei hudhaniwa kuwa hakina thamani.

Kwa ajabu, wako dada zetu wa Kenya wafanyao kazi hiyo hiyo huko Marekani. Huwaogesha na kuwalisha wagonjwa wa watu, wakapokea mshahara ulio mdogo kwa nchi ile, kisha wakatuma sehemu yake nyumbani ili mtu mwingine amwogeshe mama yao. Katika kazi ile wengi ni wanawake, na wengi wao ni Weusi au wageni. Mzigo umezunguka dunia ukarudi juu ya mabega yale yale.

Pia kuna jambo la stara. Mgonjwa asiyeweza kuzuia mkojo huona haya, akaacha hata kusali kwa kudhani kuwa hana tahara. Masheikh wamekwisha kulieleza hili: mwenye udhuru wa kudumu hujisafisha, hutawadha unapoingia wakati wa sala, akasali kama awezavyo, ameketi au amelala. Na aambiwe hivyo mapema, asije akabeba maradhi na majuto pamoja. Nabii Ayubu aliugua mpaka watu wakamkimbia, na hakuna aliyesema kuwa Mola wake alimkimbia.

Mwisho, nina ombi moja kwa wakuu wa misikiti na wasimamizi wa mali za wakf. Nenda msikiti wowote, Lamu, Malindi, Mombasa au Vanga, utaona jeneza limewekwa mahali pake. Halikodishwi, wala haulizwi mtu kabila lake wala mali yake. Maiti wa tajiri na maiti wa hamali hubebwa kwa jeneza lile lile. Hilo ndilo jambo ambalo Marekani, kwa utajiri wake wote, haijalipata kwa wagonjwa wake: kitu kilichowekwa tayari, ambacho kila mtu ana haki nacho siku akikihitaji.

Basi kando ya jeneza lile, kwa nini pasiwekwe kiti cha magurudumu, kitanda cha hospitali, na godoro la kuzuia vidonda, viazimwe kwa mwenye shida na kurudishwa akisha? Wakf ya kisima twaijua, na wakf ya minazi twaijua. Wakf ya kitanda haina dhambi. Na vijana wa mtaa waliojipanga zamu za kuchimba kaburi wawajipange pia, wanaume kwa wagonjwa wanaume na wanawake kwa wagonjwa wanawake, ili yule binti apate usiku mmoja wa kulala.

Tumejua siku zote namna ya kumwandalia aliyekufa. Aliye hai kitandani, miaka kumi au ishirini, naye yuko pale anatusikia tukipita dirishani. Mwenyezi Mungu awape wagonjwa wetu shifaa, na atupe sisi wazima moyo wa kuwaona.